Mama mjamzito akinywa pombe, mtoto naye anakunywa

MWAKA 2012, miaka mitatu baada ya kurejea Burundi kutoka Tanzania, mke wangu alipata ujauzito wa mtoto wetu wa tatu. Wakati huo tulikuwa tumepanga nyumba ndogo Mabanda, si mbali na mpaka wa Mugina. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi, naye alikuwa akivuka kwenda Manyovu kuchukua vitenge na dagaa wa kuuza sokoni.

Mara mbili au tatu kwa wiki, nikitoka kazini, nilipita dukani nikamchukulia bia moja. Siku ambazo sikuwa na fedha, mama yangu alituletea urwarwa kwenye kibuyu. Mke wangu hakuwa mlevi. Alikuwa amechoka, miguu imevimba kwa safari za mpakani, nami niliona kuwa chupa moja ya jioni ndiyo njia ya mume kuonyesha kwamba anamjali mkewe.

Naandika makala haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikinunua. Inapozungumzwa habari ya pombe na ujauzito, kidole huelekezwa kwa mama peke yake. Mume, mama mkwe, jirani na muuza pombe huwa hawaonekani, wakati mara nyingi wao ndio wanaommiminia.

Kosa la mwalimu

Mtoto wetu alizaliwa mdogo, lakini mzima. Alichelewa kutembea na kuongea, tukasema kila mtoto ana wakati wake. Alipoanza shule mwaka 2018 ndipo mambo yakawa magumu. Leo anahesabu hadi ishirini bila kosa, kesho amesahau yote. Ukimtuma vitu vitatu dukani, analeta kimoja na chenji ameiacha. Alikuwa hatulii darasani, na akikosea jambo leo, kesho analirudia lile lile kana kwamba hakuwahi kuonywa.

Mimi ni mwalimu. Nimezaliwa makazi ya Katumba, Mpanda, mwaka 1979, wazazi wangu wakiwa wamekimbia mauaji ya 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikafundishwa na walimu waliotuambia kuwa mtoto wa mkimbizi hana urithi mwingine isipokuwa elimu. Kwa hiyo mwanangu aliposhindwa kujifunza, niliona ananiaibisha. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nilimchapa. Kadiri nilivyomchapa ndivyo alivyozidi kusahau, na mimi nikaona ni ukaidi.

Swali la muuguzi

Mwaka 2021 mke wangu alipata ujauzito wa nne, nami nikamsindikiza kliniki kama waume wanavyoshauriwa kufanya. Muuguzi aliyetupokea alizungumza juu ya malaria, vidonge vya kuongeza damu na vipimo, kisha akauliza ni mama gani hapo anakunywa pombe. Hakuna aliyejibu. Ndipo akatugeukia waume, tulikuwa wanne tu, akauliza: "Na nani kati yenu humnunulia mkewe?"

Tulitazamana. Baadaye nilimfuata kando nikamweleza habari za mwanangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwalimu, siwezi kukuambia kwamba ni pombe. Lakini naweza kukuambia pombe inafanya nini tumboni." Aliyonieleza siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayowaletea wasomaji.

Jinsi pombe inavyomfikia mtoto

Mama anapokunywa, kilevi huingia katika damu yake. Damu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo mtoto hupata chakula na hewa. Kondo hilo huzuia baadhi ya vitu vyenye madhara, lakini halizuii kilevi. Kinapita hadi kwenye kitovu na kuingia kwa mtoto, na baada ya muda mfupi kiwango kilichomo katika damu ya mtoto hukaribiana na kile cha mama.

Tofauti ni kwamba mama ana ini lililokomaa la kuvunjavunja kilevi hicho. Ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kazi hiyo. Inabidi asubiri mwili wa mama umsafishie. Isitoshe, kilevi hubaki katika maji yanayomzunguka tumboni, na maji hayo mtoto huyameza. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ameshalala na kuamka, pombe imemtoka kichwani, lakini mtoto bado anayo.

Viungo vingi vya mtoto, kama vile moyo, mikono na uso, hujengwa katika wiki nane za mwanzo. Ubongo, hata hivyo, hujengwa tangu mwanzo wa ujauzito hadi siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana hakuna mwezi ambao tunaweza kusema sasa mama yuko salama kunywa. Pombe huongeza hatari ya mimba kutoka, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo au kufia tumboni. Kwa wale wanaozaliwa, ubongo ndio unaoumia zaidi, na maumivu ya ubongo hayaonekani kwa macho.

Watoto wachache walioathirika sana huwa na alama usoni: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio kati ya pua na mdomo huwa umesawazika. Wengi zaidi hawana alama yoyote. Wana sura kama za ndugu zao, ila hawakumbuki, hawatulii, hesabu zinawashinda, wanashindwa kupima matokeo ya wanalotenda, na ni rahisi kudanganywa. Shuleni wanaitwa wajinga au wakaidi.

Elimu iliyochelewa kutufikia

Jambo hili si jipya. Mwaka 1968 daktari wa watoto wa Ufaransa, Paul Lemoine, aliandika habari za watoto 127 wa mjini Nantes na maeneo ya jirani waliozaliwa na wazazi walevi, akieleza jinsi walivyofanana kwa maumbile na matatizo. Maandishi yake hayakusikika sana. Mwaka 1973 madaktari wawili wa Seattle, Marekani, Kenneth Jones na David Smith, walieleza hali hiyo hiyo katika jarida la tiba la The Lancet na kuipa jina. Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliwashauri wajawazito wasinywe, na tangu mwishoni mwa 1989 kila chupa ya pombe inayouzwa nchini humo lazima iwe na onyo kwa wajawazito.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikuwa wakikata miti katika mapori ya Tanzania ili wapate pa kulima. Hakuna aliyewaletea habari hiyo. Mama zetu walikunywa wanzuki kwa wenyeji, wakatengeneza pombe ya ndizi migomba ilipokua, na waliporejea Burundi walikuta urwarwa na impeke vikiwasubiri. Hatuwezi kuwalaumu kwa wasilolijua. Lakini sisi tuliosoma hatuna kisingizio hicho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya kumi duniani hunywa pombe akiwa mjamzito. Ulikadiria pia kwamba katika kila wanawake 67 wanaokunywa wakiwa wajawazito, mmoja huzaa mtoto mwenye ile hali yenye alama zote, ambao ni watoto wapatao 119,000 kila mwaka. Idadi hiyo haijumuishi wale walioumia ubongo bila kuwa na alama usoni.

Barani Afrika, mahali ambapo tatizo hili limechunguzwa zaidi ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, katika mashamba ya zabibu. Huko vibarua walizoeshwa kwa vizazi vingi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Utaratibu huo ulipigwa marufuku, lakini mazoea ya kunywa yalibaki, na watoto walioathirika huko ni miongoni mwa wengi zaidi waliowahi kuhesabiwa popote duniani. Niliposoma habari hizo nilikumbuka vijijini kwetu, ambako mtu akisaidiwa kulima hutoa urwarwa kuwashukuru waliomsaidia, awe mama mwenye mimba au asiwe nayo.

Tunayoambiana sokoni na nyumbani

Yapo maneno ambayo kila msomaji ameyasikia. La kwanza ni kwamba urwarwa ni ndizi tu na impeke ni mtama tu, kwa hiyo ni chakula. Ndizi ni chakula na mtama ni chakula, lakini vikishachachuka sukari yake hugeuka kilevi. Kilevi kilichomo katika urwarwa ni kile kile kilichomo katika bia, mvinyo na gongo. Tena bia ya chupa imeandikwa kiasi chake, kibuyu hakijaandikwa kitu.

La pili ni kwamba bia si kali. Chukua chupa kubwa ya sentilita 72, ile inayouzwa katika baa zetu, yenye asilimia 5 ya kilevi. Ndani yake mna mililita 36 za kilevi halisi. Hizo ni sawa na kunywa mililita 90 za pombe kali ya asilimia 40. Mama ambaye hawezi kukubali kuonekana akinywa pombe kali ya kiasi hicho, amekinywa chote ndani ya bia moja.

La tatu: "Mama yangu alikunywa na mimi ni mzima." Inawezekana. Si kila mtoto aliyefikiwa na pombe huumia, kama ambavyo si kila anayevuka barabara bila kutazama hugongwa. Inategemea kiasi, mara ngapi, mwezi gani, lishe ya mama na maumbile ya mwili. Hakuna mtu anayeweza kumwambia mama mapema kwamba mtoto wake ni yule atakayepona. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilishauri wajawazito waache kabisa: hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

La nne ni kwamba pombe inaongeza damu na maziwa. Damu huongezwa na chakula kama maharage, lengalenga, dagaa na nyama, pamoja na vidonge vya kliniki. Kuhusu maziwa, kilevi huizuia homoni inayoyasukuma yatoke, na mtoto huishia kunyonya kidogo. Aidha, kilevi hupita katika maziwa. Wanaokwenda kumpongeza mzazi, jambo ambalo kwetu ni la heshima sana, wanaweza kumpelekea uji wa mtama usiochachuka, maziwa au matunda. Mtama ule ule, faida yake yote, bila kilevi.

Neno kwa wanaovuka mpaka

Akina mama wa Mugina na Manyovu, wa Kobero na Kabanga, najua maisha yenu kwa sababu nimeishi nayo nyumbani kwangu. Mnaamka usiku, mnabeba mizigo, mnasubiri kwenye foleni, na jioni mzigo ukiisha mnakaa pamoja kabla ya kupanda gari. Ipo pombe ya kufungia biashara, ambayo aliyeuza vizuri huwanunulia wenzake. Kwa miaka mingi vilikuwapo pia viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyokuwa rahisi kuficha kwenye mkoba, hadi Tanzania ilipovipiga marufuku Machi 2017.

Hatari kubwa kwenu ni zile wiki za mwanzo. Wanawake wengi hawajui kuwa ni wajawazito hadi wiki ya tano au ya sita, na mfanyabiashara anayelala njiani na kula bila mpangilio hudhani siku zake zimechelewa kwa uchovu. Kufikia hapo moyo wa mtoto umeshaanza kudunda. Kwa hiyo kama unatafuta mtoto, au huna njia ya kuzuia mimba, ni vyema kuacha kabla hujajua. Siku zikichelewa, pima kwanza kabla ya kupokea chupa.

Wanaopika na kuuza pombe nao wakumbuke kuwa kuonja ni kunywa. Mama anayeonja kila pipa tangu asubuhi, jioni amekunywa zaidi ya wateja wake. Wakati wa ujauzito, kazi ya kuonja apewe mtu mwingine. Na pombe za kukoroga gizani, kama kanyanga na gongo, zina hatari zaidi, kwani zinaweza kuwa na sumu nyingine inayopofusha na kuua.

Kukataa bila kuvunja heshima

Kwetu kukataa pombe uliyopewa ni kama kumkataa aliyekupa. Mke wangu alipoacha kabisa mwaka 2021, mama yangu alikasirika. Alidhani mkwewe amemwona mchafu, au amepata dini mpya. Tulikwenda harusini, mrija ukamfikia, watu wote wakamtazama yeye.

Nilichojifunza ni kwamba kazi ya kukataa ni ya mume. Siku ile nilisimama nikasema kuwa mama Neema amebeba mgeni na mgeni huyo hanywi, nikaomba aletewe fanta. Watu walicheka, yakaisha. Nyumbani nilizungumza na mama yangu peke yetu. Yeye ni mtu wa kanisa, nikamkumbusha habari za mama yake Samsoni katika kitabu cha Waamuzi sura ya 13, ambaye alikatazwa divai na kileo tangu kabla ya kushika mimba. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia siku zote. Sikuwa na jibu. Tangu hapo yeye ndiye anayewakemea wakwe wa jirani.

Mimi mwenyewe niliacha kunywa nyumbani kwa miezi yote tisa. Si haki kukaa na chupa mezani ukamwambia mwenzako aitazame.

Kwa aliyekwisha kunywa

Huenda msomaji mmoja ni mjamzito na amekunywa juzi. Dada yangu, usikate tamaa wala usijifiche. Kuacha leo kunamsaidia mtoto, hata kama ni mwezi wa saba, kwa sababu ubongo wake bado unakua. Mweleze muuguzi ukweli. Ujauzito wako utaangaliwa vizuri zaidi akijua. Iwapo umezoea kunywa kila siku, na ukikosa unatetemeka, unatoka jasho au moyo unakwenda mbio, usiache ghafla peke yako, maana unaweza kupata degedege. Nenda kituo cha afya usaidiwe kuacha.

Kwa mwenye mtoto kama wangu, hakuna dawa ya kurudisha ubongo ulivyopaswa kuwa, lakini kuna mengi ya kufanya, hasa yakianza mapema. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Rudia bila kupandisha sauti. Ratiba ya siku iwe ile ile. Mwoneshe kwa vitendo badala ya maneno mengi. Fimbo haimsaidii, kwa sababu hakusahau kwa makusudi. Haya nawaambia pia walimu wenzangu: kabla ya kumwita mtoto mkaidi, uliza alizaliwaje na amekuaje.

Tulimpeleka mwanangu kwa daktari. Alituambia wazi kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha, na kwamba utapiamlo, malaria ya mama au uzazi mgumu navyo vinaweza kuleta hali kama ile. Kwa hiyo sitajua kamwe kama ni zile chupa. Mke wangu alilia siku ile, nami nikamwambia mbele ya daktari kwamba chupa nilizileta mimi.

Kijana sasa anakwenda sokoni na mama yake siku za likizo. Mizani ya dagaa ameshaijua, chenji bado inampa taabu, kwa hiyo dada yake Neema humhesabia. Mdogo wake aliyezaliwa mwaka 2022 anaendelea vizuri.

Tarehe 9 Septemba kila mwaka, tangu 1999, ni siku ya kukumbushana duniani kuhusu madhara haya: siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa ajili ya miezi tisa ya ujauzito. Lakini hatuna haja ya kuingoja. Majuto ni mjukuu. Mume mwenzangu unayesoma gazeti hili kwenye kibanda cha forodha ukisubiri gari lako, jioni ya leo ukipita dukani na mkeo ni mjamzito, mnunulie maziwa, ndizi mbivu au samaki. Atajua tu kwamba unamjali.